Katambuga za Mabula

Kwa maneno ya Bernadina, mambo yalikuwa hivi. Jogoo wa kwanza alikuwa ameshawika na wa pili anasafisha koo. Mvua imekatika, yanadondoka maji ya majani tu. Yeye Bernadina, mama Valerian, mjane asiye na neno na mtu, alitoka uani kwake kwenda haja, na kwa macho yake mawili akamwona Mabula anapita njia ya maduarani. Koti la jeshi limemfika magotini, kofia ya koti imefunika kichwa, na kiroba begani kimemwinamisha kama mtu aliyebeba mwenziwe.

"Sikumsalimia," alisema. "Mtu asiyetaka kuonekana, unamsalimia wa nini?"

Aliyasema hayo kisimani asubuhi. Mchana kiroba kilikuwa kimeanza kudondosha damu. Jioni, Bugarama nzima ilikuwa inajua kwamba Mabula alikuwa anacheka peke yake njiani.

Maneno yasingekwenda mbali kiasi hicho kama asubuhi hiyohiyo Pantaleo asingekutwa chini ya duara. Duara ni shimo la dhahabu, na hilo alilokuwa akililinda, la Bwana Majaliwa, lilikuwa na kina cha watu kumi na wawili wakisimama mtu juu ya bega la mtu. Pantaleo alikuwa kijana wa Biharamulo, mpole, asiye na ndugu hapa. Walimtoa kwa kamba, shingo imelala upande.

Filimbi za Sungusungu zikalia. Mwaka ule nzengo nzima, yaani kijiji chote, ilikuwa na pinde, na mwizi wa ng'ombe alikuwa akifuatwa kwa nyayo mpaka Geita. Jilala, mtemi wao, aliinama kwenye mdomo wa duara akaona alama za katambuga. Katambuga za kila mtu hukatwa kwenye tairi la gari. Hizi zilikatwa kwenye tairi la trekta, zina mistari kama mifupa ya samaki, na ya kushoto ina pengo kisiginoni. Mtu mmoja tu Bugarama alikuwa nazo, alizinunua sokoni Didia. Walizifuata alama hizo matopeni mpaka zikaishia mlangoni kwa Mabula, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Mabula alikuwa amelala chali, ananuka gongo. Katambuga zake zilikuwa mlangoni, zina udongo mwekundu wa maduarani, bado mbichi.

"Jumapili kwenye dagashida," Jilala alisema, maana huo ndio mkutano wa hukumu. Akachukua katambuga, akachukua na koti. "Ukiwa na neno, ulilete huko. Usipokuwa nalo, tutaivunja nyumba hii, na wewe tutakufunga kamba tukupeleke polisi Kahama njia ikikauka."

Sikujua, mkewe Mabula, alisimama pembeni na mtoto wao Limi mgongoni. Hakulia. Mabula hakutoka nyumbani asubuhi ile. Hilo alilijua kama anavyovijua vidole vyake.

*

Kesho yake alichukua kigae akaenda kwa Bernadina kuomba moto. Kiberiti kilikuwa kimeadimika mwaka ule. Hata dukani kwa ushirika ukiuliza walikuwa wanakucheka. Moto ulitoka jiko kwa jiko, na jiko la Sikujua lilikuwa likiwashwa na la Bernadina tangu masika.

"Wangaluka, mayu."

"Wangaluka." Bernadina hakumtazama. Alikuwa anafunika kinu chake kwa gunia.

"Naomba moto."

Bernadina alichokoa majivu, akamtolea makaa mawili. Siku nyingine humpa matano na maneno hamsini.

"Mama Valerian, unasema ulimwona baba Limi."

"Nilimwona."

"Uso?"

"Uso una kofia, nitauonaje? Niliona koti. Koti linatembea lenyewe?"

"Limi alikuwa na homa. Nilikesha naye. Mume wangu alikuwa amelala pale, anakoroma kama mashine ya kusaga. Ningejua kama ametoka."

"Basi kaliambie hilo dagashida, mwanangu. Mimi nimesema nilichoona nikiwa pale." Akanyosha kidole kwenye pembe ya ua wake.

Sikujua aliitazama ile pembe. Alikuwa mtu wa kutazama. Alikuwa hivyo tangu shuleni, alikoishia darasa la saba, mwalimu alimwita "jicho". Minyaa ya ua wa Bernadina ilikuwa imempita mtu kwa urefu, imesongamana hata kuku hapenyi. Ukisimama pale unaona minyaa. Njia ya maduarani unaiona ukiwa kwenye kichuguu kikubwa tu, mbele huko, na mwanamke hana shughuli kwenye kichuguu kile alfajiri.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote. Wanaume huchimba, wanawake hutwanga mawe majumbani na kuyaosha. Mwanamke hakanyagi mdomo wa duara. Akikanyaga, dhahabu inakimbia na duara linadai mtu.

Akalitazama na gunia lililofunika kinu. Chini yake ulikuwa umemwagika unga wa mawe, mweupe, mpya. Bernadina hakuwa na mwanamume wa kumletea mawe tangu mumewe afe na Valerian aende Mwanza.

"Asante kwa moto," Sikujua alisema, akaondoka.

*

Siku tatu zile alitwanga. Mawe yalikuwepo na kazi ni kazi. Kinu kilikuwa cha chuma, cha Bwana Majaliwa, aliwaazima wake za wachimbaji wake. Tu, tu, tu, tangu asubuhi. Kisimani wanawake walikuwa wakisogeza ndoo zao anapofika, kama vile maji yake yana upele. Watoto waliambiwa wasicheze na Limi, na Limi, ambaye ana miaka minne na hajui hukumu ni nini, alikaa kwenye kizingiti akicheza na ungo peke yake.

Ijumaa Jilala alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ndiyo watu walikuwa wakiiogopa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea kutwanga, sitakaa. Nieleze tu, mumeo alikuwa wapi?"

"Hapahapa. Paa lilikuwa linavuja. Tulihamisha kitanda mara mbili, tukaweka sufuria. Tulikuwa macho wote."

"Wote."

"Wote wawili."

"Kwa mama Valerian ulisema mtoto ana homa, na mume anakoroma."

Mchi ulisimama hewani, kisha ukashuka. "Mtoto alikuwa na homa na paa linavuja. Nyumba ya maskini haichagui, baba. Yote yanakuja pamoja."

Jilala alikaribia kucheka. "Mayu, una mdomo. Ila mtu anayekoroma hahamishi kitanda." Alitazama juu, paani, kisha chini, kwenye kinu. "Mumeo hajafanya kazi tangu Jumatatu. Mawe haya ni ya lini?"

"Ya zamani."

"Haya," alisema Jilala, akaenda zake.

Hajafika mbali, Bwana Majaliwa akatokea, kofia ya kiua kichwani, kanzu ameishika isiguse tope. Alikuwa mtu wa Ujiji, mstaarabu, hata tusi hulitangulizia salamu.

"Hujambo, mama Limi? Mtoto hajambo? Alhamdulillahi. Basi nimekuja kwa ajili ya kinu changu."

"Kuna mawe ndani, Bwana Majaliwa."

"Yamwage. Siwezi kuacha kinu changu kitwange kwenye nyumba iliyoniulia mlinzi. Watu watasemaje?"

"Hukumu ni Jumapili."

"Na mimi nimekuja Ijumaa."

Sikujua aliukung'uta unga wote kwenye kitambaa, taratibu, mpaka vumbi la mwisho, huku tajiri amesimama anamngoja. Kisha akakisukuma kinu kwa mguu. "Kibebe."

"Mimi?"

"Mume wangu ni muuaji, akikigusa kitachafuka. Na mimi ni mkewe."

Ikabidi Bwana Majaliwa akikumbatie kile kinu, chuma na vumbi, kwenye kanzu nyeupe. Majirani walichungulia. Mmoja alicheka, akajiziba.

*

Jumamosi Mabula alikuwa hajanywa siku ya nne. Alikaa kitandani, anatazama miguu yake isiyo na katambuga.

"Mama Limi."

"Naam."

"Labda ni mimi."

"Wewe nini?"

"Labda nilikwenda." Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa vidole. "Kule Uganda, vitani, niliamka siku moja nina damu mikononi. Niliuliza wenzangu ni ya nani, hakuna aliyejua. Mtu unaweza kufanya jambo mwili ukiwa umeamka na wewe mwenyewe umelala. Pantaleo nilishagombana naye kwenye pombe."

"Mligombania kigoda."

"Watu wameuana kwa kigoda. Katambuga zangu, koti langu. Kesho nitasema ni mimi. Nikisema mwenyewe, labda hawatavunja nyumba. Utabaki na pa kulala wewe na mtoto."

Sikujua alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua. Mume huyu hakuwa mzuri sana wala mbaya sana. Alikunywa alichochuma, hilo ni kweli, na tangu mvua zianze alikuwa akirudi mikono mitupu. Lakini hakuwahi kumwinulia mkono. Na sasa alikuwa amekaa pale, anajitengenezea kosa ili ampe mkewe paa, na kila akisema "labda", ile "labda" ilikuwa inapungua.

"Ninaona hata nilivyomsukuma," alisema Mabula. "Ninaona kabisa."

"Huoni kitu," alisema Sikujua. "Kula, ulale."

Ndipo ilipombidi ayaseme moyoni mwake yale aliyokuwa ameyafunika siku zote hizi, homa juu yake na paa linalovuja juu yake. Alijua Mabula hakutoka kwa sababu yeye ndiye aliyetoka.

*

Jumapili dagashida ilijaa. Wanaume walikaa na pinde zao, wanawake nyuma. Katambuga za Mabula ziliwekwa katikati, juu ya koti, kama vile ndizo zilizoshtakiwa.

Bernadina alitoa maneno yake. Damu hakuitia, mbele ya Jilala watu hawaongezi chumvi. Jilala akamwita Mabula. Mabula alisimama, akafungua mdomo.

"Kaa, baba Limi," ilitoka sauti kwa wanawake. "Huna la kusema. Hukuwepo."

Sikujua alikuja mbele. Alimweka Limi chini. Akavaa koti, akafunika kichwa kwa kofia yake. Akatumbukiza miguu kwenye katambuga, akazifunga kamba kwa fundo ambalo si la mwanamume. Kisha akatembea hatua kumi kwenye udongo laini, akarudi, akavua.

"Mtemi, angalia. Pengo liko kisiginoni. Hatua ni fupi. Siku ile mlitazama mistari ya samaki, hamkutazama urefu wa hatua. Mlifuata ng'ombe mkasahau kumuuliza kama ni dume au jike."

Watu waliguna. Jilala alishuka mwenyewe, akapima kwa fimbo. Alichuchumaa, akapima tena.

"Ulifuata nini duarani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mawe. Pantaleo alikuwa akinipa yale yanayobaki chini. Mimi natwanga, tunagawana. Mara ya tano ile."

"Hawara yake!" alisema mtu.

"Hawara angenipa khanga," alisema Sikujua. "Pantaleo alinipa mawe."

Wengine walicheka, wakakemewa. Bwana Majaliwa alikuwa amesimama. "Umekanyaga duara langu? Kwa mguu wako? Ndiyo maana tangu mwezi wa kumi na moja hatupati kitu!"

"Mlikuwa hampati tangu mwezi wa tisa. Nilianza kwenda Desemba."

"Tulieni," alisema Jilala. "Mama Limi. Ilikuwaje?"

Akaeleza. Pantaleo alikuwa anavuta kiroba juu, amekanyaga gogo, gogo lina mvua. Kiroba kilifika, yeye akateleza, akaenda chini. Hakupiga hata kelele. Ulisikika mshindo tu, halafu kimya.

"Niliita. Akaguna mara moja. Nikamshushia kamba, nikaitikisa, nikamwambia shika. Haikushikwa."

"Kamba," alisema Jilala. Sasa alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Sisi tuliikuta kamba imeviringwa vizuri kwenye kigingi chake."

Hapo angeweza kusema lolote. Angesema alisahau, au kwamba kuna mtu alikuja baada yake. Alikuwa ameshasema uongo mara mbili wiki ile na ulimi ulikuwa umeshazoea njia.

"Niliivuta," alisema. "Nikaiviringa."

"Kwa nini?"

"Ningeiacha inaning'inia, mngejua kulikuwa na mtu."

Jilala aliikita fimbo yake chini.

"Jogoo wa pili alikuwa anawika. Ningepiga yowe, mngekuja, mngenikuta mwanamke kwenye mdomo wa duara. Mngemtoa yeye kwanza au mngenipiga mimi kwanza? Sijui. Sikungoja kujua. Nikaiviringa kamba, nikachukua kiroba, nikaenda nyumbani."

"Ukachukua na kiroba," alirudia Jilala.

"Nikakitwanga. Mkiwa mnazunguka na filimbi, mimi nilikuwa natwanga. Kinu cha Bwana Majaliwa ni kizuri."

Mtu mmoja katika waliomtoa Pantaleo alisema kwamba shingo ilikuwa imevunjika, kamba isingemsaidia kitu. Alisema kwa huruma. Sikujua alimgeukia.

"Hilo mimi sikulijua wakati ule. Usinipe nisichostahili, kaka." Kisha akawageukia wote. "Nihukumuni kwa kamba. Kwa kamba nitapiga magoti hapa hapa, na mfupa wowote mtakaonivunja, ni halali yenu. Lakini kwa mguu, sikubali. Mguu wangu haujaua mtu. Nimebeba mawe yenu, nimeyatwanga, nimeyaosha mpaka kucha zimeng'oka. Dhahabu haikunikimbia mikononi, itanikimbiaje miguuni?"

Wazee waliinamiana. Hawakukaa sana. Bwana Majaliwa aliongea, na wenye maduara mengine, na neno lililosikika zaidi lilikuwa mguu, mguu, mguu. Neno kamba lilitajwa mara moja na Jilala, likaachwa.

"Yuko mwanamke mwingine aliyekanyaga?" aliuliza mzee mmoja. "Tusafishe yote mara moja."

Sikujua alimwona Bernadina nyuma kule. Alikuwa ameuma pindo la khanga, macho yamemtoka. Alikuwa amefikisha miaka hamsini na mitano, na kinu chake kilikuwa kimefunikwa gunia.

"Nyayo mlizozifuata ni zangu," alisema Sikujua. "Nyingine zitafuteni wenyewe."

Hukumu ilitolewa. Mabula hana kosa. Mkewe ametia uchafu kwenye duara. Nzengo imemtenga mpaka mvua za mwaka ujao. Asisalimiwe, asichotewe maji, asipewe moto. Mabula akimrudisha kwao, nyumba itahesabika safi kuanzia siku hiyo.

Kwa kamba hawakusema chochote.

Mabula alikwenda katikati, akaokota koti na katambuga zake. Hakuzivaa. Alizibeba mkononi, akatembea peku mbele ya mkewe njia nzima. Nyumbani aliuliza jambo moja tu.

"Aliguna kama mtu anayeita?"

"Kama mtu anayeita."

Akalala uso ukutani. Asubuhi bado alikuwepo.

*

Siku ya kwanza walikula matango. Ya pili, unga mbichi uliolowekwa. Mabula alijaribu kupekecha vijiti kama wawindaji wa zamani, mikono ikachubuka, Limi akamcheka, na ikawa mara ya kwanza kucheka nyumbani mle.

Siku ya tatu Sikujua alivaa khanga yake nzuri, ile ya Idi aliyopewa na shangazi yake wa Nyahanga. Akachukua kigae.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mabula. "Hawatakupa."

"Najua. Lakini hukumu ni yao, waifanye wao. Sitawafanyia mimi kwa kukaa ndani. Kila nyumba inikatalie usoni pangu, kila siku, mpaka mvua za mwaka ujao. Tuone nani atachoka."

Alianza kwa Jilala. "Naomba moto, baba." Mtemi aliingia ndani, akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka usikike. Kwa Bwana Majaliwa mlango ulifungwa kwa kishindo. Alipita nyumba ya nne, ya tano, ya tisa. Mwanamke mmoja alimwaga maji jikoni kwake mwenyewe, moto ukazimika, ili aweze kusema hana. Sikujua alimshukuru.

Ya mwisho ilikuwa ya Bernadina. Moshi ulikuwa unapanda. Gunia lilikuwa juu ya kinu, na mikono ya Bernadina ilikuwa na weupe wa mawe mpaka viwikoni. Alisimama ghafla, akaificha nyuma.

Njiani walikuwa wamejaa watu waliomfuata Sikujua kumtazama anavyokataliwa. Vijana wa Sungusungu wawili walikuwa wameegemea pinde. Minyaa ilikuwa mirefu, lakini mlango wa ua ulikuwa wazi na kila mtu aliona ndani.

Sikujua hakulitazama gunia. Alimtazama Bernadina machoni. Alinyosha kigae kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akikinyosha kila asubuhi tangu masika.

"Wangaluka, mayu," alisema. "Naomba moto."

Bernadina alitazama njiani kwenye watu, akatazama jiko. Makaa yalikuwa mekundu, yamejaa. Mkono wake mmoja ulitoka nyuma ya mgongo, mweupe, ukasimama hewani.

Sikujua hakushusha kigae.